Mtoto anataka kuingia fanfari: tafuta mwalimu kwanza, chombo baadaye

Hapa Lubumbashi trompeti nyingi zinafia juu ya kabati. Mtoto aliiomba, mzazi akajikaza, mjomba aliyekuwa anarudi kutoka Afrika Kusini akaibeba kwenye mizigo, na baada ya miezi michache hakuna anayeigusa tena. Watu wa nyumbani wanasema mtoto ni mvivu. Mara nyingi uvivu haupo: hakupata wa kumwonyesha namna ya kuishika, pistoni, vile vitufe vya kubonyeza, zikaganda na hakuna aliyejua dawa yake, au tangu mwanzo mdomo wake ulikuwa wa chombo kingine.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni kinyume cha ule wa wengi. Tunaanza na watu, tunafuata mwili wa mtoto, na pesa inatoka mfukoni mwisho. Kipimo changu ni hiki: chombo kinachomfaa mtoto ni kile anachoweza kukitoa sauti katika wiki ya kwanza, ambacho kuna mtu wa karibu wa kukifundisha, na ambacho kikiharibika kuna fundi wa kukishika. Nafikiria hasa watoto wa darasa la nne la msingi hadi la saba na la nane.

Hatua ya kwanza: tafuta fanfari

Fanfari ni kikundi cha vyombo vya kupuliza na ngoma. Anza shuleni kwake. Kwenye msingi muulize mkurugenzi, kwenye sekondari muulize prefe, na usiridhike na jibu la "ndiyo, fanfari tunayo". Fanfari nyingine zinaamka wiki mbili kabla ya gwaride la 30 Juni, zinapiga nyimbo nne, halafu vyombo vinafungiwa tena depo. Hiyo haitamfundisha anayeanza. Uliza siku za mazoezi, kisha nenda siku mojawapo bila kumwarifu mtu.

Kama shuleni hakuna, angalia makanisa. Si lazima muwe waumini wa hapo. Mara nyingi wanapokea mtoto wa jirani, ila uliza mapema kama atatakiwa kupiga kwenye ibada kila Jumapili. Parokia nyingi zina kikundi cha namna fulani. Jeshi la Wokovu linajulikana dunia nzima kwa vyombo vyake vya shaba. Wakimbangu nao, popote walipo Kongo, fanfari iko karibu. Ni kutoka kanisa hilo hilo ilipotoka orkestra ya simfoni ya Kinshasa iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa hilo, yule aliyefia kizuizini hapa hapa mjini mwaka 1951. Mwanzoni vyombo havikutosha: watu walipokezana violini moja, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Nalitaja hilo kwa sababu wazazi wengi wanadhani bila chombo cha mtoto peke yake hakuna kuanza. Kuanza kunawezekana, ilimradi kuna ratiba na kuna mwalimu.

Siku ya kutembelea mazoezi, kaa na mtoto mpaka mwisho. Usiwaangalie wale hodari wa mbele, waangalie wadogo wa nyuma. Kuna anayewasogelea na kuwarekebisha vidole, au wameachwa wapige kelele zao? Kwenye fanfari nzuri utaona mkubwa wa miaka kumi na sita ameinama kwa mdogo, anamhesabia kwa mguu.

Halafu zungumza na mwalimu pembeni. Swali lenye faida kuliko yote ni hili: "Mwalimu, kikundi kinakosa chombo gani?" Watoto wote wanataka trompeti, saksofoni au ngoma. Akikujibu kwamba hana wa baritoni wala klarineti, umejua mahali ambapo mtoto wako atapokelewa kwa mikono miwili, na pengine atapewa chombo cha kikundi bila kulipa. Uliza pia kama wanasoma nota au wanapiga kwa sikio tu. Kupiga kwa sikio ni kipaji kikubwa na fanfari zetu nyingi zinaishi hivyo. Hata hivyo mimi ningechagua ile inayofundisha solfeji kidogo kidogo, kwa sababu mtoto asiyesoma nota atamtegemea mwenzake wa kulia maisha yake yote, na siku mwenzake akiugua naye ananyamaza.

Hatua ya pili: asikilize, asiangalie

Saksofoni inang'aa na ina vifungo vingi. Ndiyo inayochaguliwa kwa macho. Omba mwalimu awaite wapigaji mmoja mmoja, kila mtu apige wimbo ule ule, hata kama ni mistari miwili, huku mtoto amewapa mgongo. Muulize ni sauti gani angependa iwe yake. Majibu yanashangaza. Kuna watoto wanaovutwa na sauti nzito za chini, na hao ni dhahabu kwa kila kikundi.

Jambo moja nalisema bila kuzunguka: filimbi si ya wasichana, na tromboni si ya wavulana. Mapafu hayana jinsia. Na kwa mtoto anayetumia mkono wa kushoto, vyombo vya kupuliza vinashikwa na watu wote kwa namna moja, kwa sababu mikono yote miwili inafanya kazi. Hatachelewa.

Hatua ya tatu: mdomo, meno, vidole, mikono

Hii ndiyo hatua ya kutopitia haraka. Omba nusu saa na mwalimu, mtoto ajaribu ile sehemu ya kupulizia peke yake, bila chombo kizima. Kabla ya kila mtoto ioshwe kwa maji na sabuni. Hapo kusiwe na aibu: mafua hayajui kwamba tuko kwenye muziki.

Kwa trompeti na ndugu zake, mwalimu humpa mtoto ambushiri, kile kikombe kidogo cha chuma. Lakini kwanza midomo mitupu. Nilimtazama mwalimu mmoja akifanya hivyo na msichana wa darasa la tano. "Funga midomo kama unasema mm. Pembe zikaze, katikati palegee. Sasa sukuma hewa." Ikatoka pumzi tupu. "Tena, mama. Usivimbishe mashavu." Mara ya tatu midomo ikatetemeka, prrrr, mtoto akacheka na mtetemo ukakatika. Alipowekewa ambushiri, ile prrr ikageuka kuwa mlio wa nyuki mwenye hasira. Ndivyo inavyotakiwa. Mtoto anayepata mlio huo ndani ya dakika chache, na anayeweza kuupandisha na kuushusha kidogo, shaba inamfaa. Asiyeupata siku hiyo hajashindwa, ajaribu tena wiki ijayo. Ila kama klarineti imemjibu papo hapo, sikiliza mwili unasema nini.

Trompeti ina pistoni tatu tu, kwa hiyo watu huiona rahisi. Kazi yote iko midomoni: vidole vile vile vinatoa nota kadhaa tofauti kulingana na kukaza kwa midomo na mwendo wa hewa. Meno ya mbele ya utu uzima yawe yameshaota vizuri, maana ambushiri inaegemea hapo. Mtoto mwenye pengo la mbele asubiri.

Tromboni haina pistoni, ina kulisi ya kuvuta, yenye nafasi saba. Mkono wa mtoto wa miaka tisa au kumi kwa kawaida haufiki ya saba, na ya sita, ambayo inahitajika mapema kwa ajili ya do ya chini, anaifikia kwa kujinyonga. Dawa yake ni baritoni: sauti ya eneo lile lile, pistoni tatu kama trompeti, chombo kinapakatwa vizuri kifuani. Baada ya miaka miwili, mikono ikirefuka, anaweza kuhamia tromboni akipenda. Wengi hawahami.

Filimbi ya kushikwa pembeni ina jaribio la bure. Mpe mtoto chupa tupu ya soda, apulize juu ya mdomo wake mpaka ilie. Akiweza, mpe kichwa cha filimbi peke yake. Watoto wengine, kutokana na umbo la mdomo wa juu uliochongoka katikati, hewa yao inapasuka pande mbili na inawawia vigumu. Hilo si kosa la mtu. Kizunguzungu cha siku za kwanza ni cha kawaida, kwa sababu hewa nyingi inapotea nje. Akae chini, apumzike, aendelee. Mikono iwe mirefu ya kutosha kufikia vifungo bila kulaza shingo begani.

Klarineti inataka vidole vya kuziba matundu kabisa. Vidole vikiwa vyembamba mno, hewa inavuja na chombo kinapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Mwambie mtoto abonyeze matundu kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha angalia ncha za vidole: alama za duara zikiwa kamili, yuko tayari. Sauti inatokana na anshi, kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa kwenye sehemu ya kupulizia. Anayeanza atumie anshi laini, namba 1½ au 2. Anayempa mtoto namba 3 "ili akue nayo" anamtesa.

Saksofoni ya alto ni nyepesi kutoa sauti, vidole vyake havizibi matundu moja kwa moja, na mtoto anapiga wimbo mapema kuliko kwa chombo kingine chochote nilichotaja. Tatizo lake ni uzito, kama kilo mbili na nusu zinazoning'inia shingoni, bei yake, na foleni ya wanaoitaka. Walimu wengi wanapenda mtoto aanze na klarineti kisha ahamie saksofoni, na hesabu yao ni sahihi: kutoka klarineti kwenda saksofoni ni mteremko, kurudi ni mlima.

Na ngoma? Kila mtoto anaamini tayari anajua. Mpigaji wa kesi kleri, ile ngoma ndogo ya vijiti, kwenye fanfari ndiye saa ya kikundi kizima, na miezi ya kwanza anapiga ubao uliowambwa mpira, siyo ngoma. Mpime hivi: mguu wake uende sawasawa, moja mbili moja mbili, huku mikono ikipiga kitu kingine juu yake, kwa dakika nzima. Anayekimbia au kuchelewa anahitaji muda. Kwa mazoezi ya nyumbani nenda kwa kwado, fundi wa tairi, omba kipande cha chemba kuukuu ya tairi, kivute kwenye ubao na kukipigilia misumari ya pembeni. Ni karibu bure, na majirani watakushukuru.

Mtoto mwenye pumu hakatazwi kupuliza, wengi wanapiga vizuri. Apitie kwa daktari kwanza, na dawa yake iwe kwenye begi siku ya mazoezi.

Hatua ya nne: pesa

Azima kabla ya kununua. Chombo kikuukuu cha kikundi, kinachofunguka na kuziba vizuri, kinashinda kipya cha rangi ya zambarau kilichoagizwa kwa picha ya simu. Unachopaswa kununua mara moja, hata kama chombo ni cha kuazima, ni ambushiri ya mtoto mwenyewe. Kwa trompeti omba ya ukubwa wa 7C. Kwa klarineti, ambapo ambushiri ni ile sehemu ya kupulizia, ya 4C inamtosha anayeanza. Hiyo ni yake, haazimwi mtu.

Ukiamua kununua, nunua ukiwa na mwalimu pembeni. Trompeti na klarineti ziwe za si bemoli, saksofoni ya alto ni ya mi bemoli. Mzazi asishtuke trompeti ikipiga do na kinanda cha kanisani kikasoma si bemoli: chombo hakijaharibika, ndivyo kilivyoundwa, na kumpa mtoto trompeti ya do kwenye kikundi cha si bemoli ni kumtenga na wenzake.

Kwa mitumba, Yamaha na Jupiter za wanafunzi zinavumilia na vipuri vyake vinapatikana kirahisi zaidi. Bonyeza kila pistoni: ipande yenyewe bila kusitasita. Vuta kulisi zote ndogo. Iliyoganda ni gharama ya fundi. Angalia bomba la kwanza baada ya ambushiri. Trompeti ni shaba iliyochanganywa na zinki, kwa kawaida kama 70 kwa 30, na zinki ikiliwa na mate ya miaka, inabaki shaba yenye madoa ya waridi: bomba limeanza kuoza kutoka ndani. Kinachonichekesha na kuniuma ni kwamba shaba tunaichimba, zinki inatoka Kipushi, kilomita thelathini hivi kutoka hapa, na trompeti tunasubiri iletwe kutoka China.

Kwa saksofoni, ingia chumba chenye giza, washa taa ya simu, ishushe ndani ya bomba, funga vifungo kimoja kimoja. Mwanga ukichungulia pembeni ya kifungo, hewa nayo itapita hapo. Mwanga kidogo sehemu moja, fundi anamaliza. Ukiona kama kibatari kila mahali, mrudishie mwenye mali.

Klarineti ya mbao usimnunulie anayeanza. Zile nzuri zinachongwa kwa mpingo, mti wa huku kwetu Afrika, na ni za fahari. Lakini kati ya Juni na Agosti hewa ya Lubumbashi ni kavu, asubuhi baridi, mchana jua, mbao inapasuka. Ya plastiki ngumu inastahimili.

Hatua ya tano: kumwandikisha

Masomo yanaanza mapema Septemba, na vikundi hupokea wapya wiki chache baada ya hapo, walimu wakishajua nani kabaki. Nenda mapema. Kama chombo ni cha kuazima, andikeni karatasi, hata kama mnafahamiana: namba iliyochongwa kwenye chombo, mikwaruzo iliyopo, nani analipa kikipotea, kinarudi lini. Kipige picha pande zote siku hiyo hiyo. Mambo ya vyombo vya kikundi yameshagombanisha wazazi na walimu waliokuwa marafiki.

Hatua ya sita: miezi mitatu ya nyumbani

Huna haja ya kujua muziki. Kazi yako ni kulinda dakika ishirini, siku tano kwa wiki. Dakika ishirini za kila siku zinajenga midomo. Saa mbili za Jumamosi zinaichana tu. Panga wakati mmoja usiobadilika, baada ya masomo na kabla ya giza, ili umeme ukikatika mazoezi yasikatike nao. Kwanza sauti ndefu, kila moja kwa hesabu ya nane, kisha kile mwalimu alichoagiza, mwisho wimbo wowote anaoupenda yeye. Usiruke hiyo ya mwisho, ndiyo inayomrudisha kesho.

Wengi wetu tunaishi kwenye parseli yenye familia kadhaa. Zunguka mwenyewe kwa majirani kabla ya siku ya kwanza, ukiwa na mtoto, mwambie aseme: "Mama, Papa, nitakuwa napiga saa fulani, mkiwa na mgonjwa mniambie." Anayesalimiwa hivyo ni vigumu kurusha kiatu. Soksi nene mdomoni mwa trompeti inapunguza sauti. Na kukiwa na kilio mtaani, chombo kinabaki sandukuni mpaka mazishi yapite. Hapo mtoto apige prrr na ambushiri tu, ndani ya nyumba, au asome nota kwa mdomo.

Usafi haumalizi mfuko. Baada ya bukari (ugali) au soda asukutue mdomo kabla ya kupuliza, la sivyo sukari na unga vinaingia ndani ya bomba. Akimaliza atoe maji yote, afute, arudishe sandukuni. Vumbi jekundu la mji huu linaingia kwenye pistoni hata ukutani chombo kikiwa kimening'inizwa kwa dakika chache. Mafuta ya pistoni matone machache kila baada ya siku mbili tatu, yale yenyewe. Mafuta ya kupikia yanagandisha. Mara moja kwa mwezi trompeti ioge maji ya uvuguvugu na sabuni laini, maji ya moto yanaharibu rangi. Ambushiri ikikwama, weka koleo mbali. Kuna kifaa maalumu cha kuitoa, na mwalimu au fundi anacho. Mwenye klarineti au saksofoni awe na anshi tatu au nne za kupokezana, akikausha kila moja baada ya kupiga, maana moja peke yake inachoka haraka na siku ya sherehe ndiyo inayopasuka.

Karibu na mwezi wa pili au wa tatu, mtoto atasema anataka kuacha. Ni wakati ambapo hamu ya upya imekwisha na wimbo bado haujatoka. Usimjibu siku hiyo. Nenda kwa mwalimu uulize mambo mawili: je, chombo kinafanya kazi sawasawa, na je, mtoto anakaa karibu na nani? Mara nyingi sana pistoni inavuja na mtoto anajilaumu yeye, au rafiki yake wa karibu amehamishiwa kundi jingine. Hayo yakiwa sawa, mpatane amalize muhula, kisha yeye aamue. Kubadilisha chombo mwishoni mwa mwaka si aibu: anayetoka trompeti kwenda baritoni anabeba vidole vyake, anayetoka filimbi kwenda saksofoni anabeba karibu vyote.

Likizo kubwa ya Julai na Agosti omba chombo kibaki nyumbani, kwa karatasi nyingine iliyosainiwa. Miezi miwili bila kupuliza inarudisha midomo ya anayeanza karibu pale ilipoanzia. Dakika kumi kwa siku zinatosha wakati huo. Baridi ya asubuhi ikiwa kali, mtoto apashe chombo kwa mikono na kupuliza hewa ya uvuguvugu bila sauti, kabla ya nota ya kwanza, maana chombo baridi kinashuka sauti na mtoto anadhani masikio yake yamepotea.